Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mafundi Magari wa Mwanga na Ujiji

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, simwingilii. Michango ya misiba mnaijua, na wanaodaiwa wanajijua.

Kilichotuumiza kichwa mwaka huu ni taa. Mwenzetu aliletewa gari dogo, taa ya mbele imekufa upande mmoja. Zamani ungechomoa balbu, ukaweka nyingine, chai haijapoa. Hii ilikuwa ya LED, kioo na kasha vimegandishwa kwa gundi. Ikabidi taa nzima iagizwe Gerezani, Dar es Salaam, na mteja akaondoka akituona sisi ndio wezi.

Ndipo kamati ikaketi kuzungumzia magari yanayoundwa kwa vipande vinavyofunguka. Wataalamu wanauita uchumi mzunguko: kifaa kikitoka gari moja kiingie jingine, skrepa iwe mwisho kabisa. Kwa lugha ya gereji, bolti badala ya gundi. Land Cruiser za zamani mnazijua. Bodi imefungwa kwa bolti juu ya chesisi, yaani fremu ya chini, unainyanyua, unachomelea, unairudisha. Magari ya umeme nayo yatatufikia. Betri ya Nissan Leaf za mwanzo ina moduli 48, yaani vifurushi vya seli, zikifa mbili zinabadilishwa hizo mbili. Zipo betri nyingine ambazo seli zimegandishwa zikawa kama tofali. Ila vijana, ile ya Leaf ni zaidi ya volti 300. Asiguse mtu bila mafunzo.

Mzee mmoja wa kamati alituambia tusiende mbali, tuitazame Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwenye makasha kama 5,000, ikaunganishwa hapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wao wakaipaka mitambo grisi nzito. Ilipoibuliwa 1924 mitambo bado inafaa. 1927 ikarudi kazini, na miaka ya 1970 ikatolewa mvuke ikawekewa dizeli. Huwa namfikiria yule fundi wa grisi, anazamisha meli huku anamtunzia fundi asiyemjua.

Sisi je? Kuna aliyeuza difu nzima, gia za kugawa nguvu kwa magurudumu, kwa kilo, bei ya chuma chakavu. Simtaji. Kuanzia sasa kila gereji itenge kona ya vifaa vizima, kila kimoja kiandikwe aina ya gari na mwaka wake, na orodha iletwe kwa katibu ili anayetafuta aulize hapa kwanza kabla ya kupiga simu Dar.

Kura ya kununua kipimo cha umeme cha pamoja itapigwa baada ya chakula.

Mwenyekiti