Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mbunge, mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakukaribisha kwa furaha shuleni kwetu, Mheshimiwa, na tunaomba utusikilize kuhusu jambo moja: athari limbikizi, yaani madhara yanayojengeka pale miradi mingi inapoelemea mto mmoja, hewa moja au ardhi moja.

Mto Ngong hupita Eneo la Viwanda na Mukuru kabla ya kuungana na Mto Nairobi. Kiwanda kimoja kinaweza kuthibitisha, bila udanganyifu wowote, kwamba majitaka yake hayavuki kiwango kilichowekwa. Jirani yake atathibitisha vivyo hivyo, na wa tatu pia. Vibali vyote vitakuwa halali, ilhali mto utakuwa umebeba jumla ambayo hakuna ripoti hata moja iliyoipima, na wanaoipokea jumla hiyo ni wakazi wa kandokando yake.

Sheria haikunyamaza. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kanuni za mwaka 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira zinataka ripoti ieleze pia athari limbikizi. Hata hivyo, takwa hilo ni kipengele kimoja ndani ya orodha ndefu, na tunaona ni rahisi mno kulitimiza kwa aya moja isiyo na vipimo.

Marekani inatupa funzo zito. Kanuni zake za mwaka 1978 zilitaka mradi upimwe pamoja na miradi iliyopita, iliyopo na inayotarajiwa, bila kujali mwenyewe ni nani. Ufafanuzi huo uliondolewa mwaka 2020, ukarejeshwa 2022, kisha kanuni zenyewe zikafutwa 2025. Kinga iliyo katika kanuni pekee hubadilika kila utawala unapobadilika.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunakuomba upeleke Bungeni marekebisho ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ili sheria yenyewe iamuru kila mwombaji wa kibali apime mzigo ambao bonde zima la mto limekwisha kuubeba. Tunaomba pia vibali vyote vya bonde moja viorodheshwe pamoja, mahali ambapo mkazi yeyote anaweza kuvisoma bila malipo kabla kibali kipya hakijatolewa.

Tunawasilisha kwa heshima.