Ufunge faili zako kwa chombo gani kabla ya kuweka nakala?

Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na baada ya siku chache tukaamriwa kuhama, watu wa Goma walishika njia ya Sake, ya Gisenyi na ya ziwa kwenda Bukavu. Tangu wakati ule sisi mafundi wa kompyuta hatuna haja ya kumshawishi mteja kwamba nakala ya faili zake ikae mbali na nyumba yake. Tunachosisitiza sasa ni jambo lingine: nakala iliyo wazi inasomwa na yeyote atakayeokota flashi. Mishahara, vitambulisho, hati za kiwanja, vyote.

Neno la siri la kompyuta halisaidii hapo. Hata BitLocker, kifungio cha diski cha Windows, inalinda diski iliyowekewa tu. Ukinakili faili kwenye flashi ya kawaida, inatoka wazi. Lazima faili isimbwe, yaani igeuzwe isisomeke bila neno la siri, kabla haijaondoka.

Wengi wanaotuuliza wameshasikia VeraCrypt. Ni programu ya bure ya kusimba na tunaiamini. Inatengeneza faili moja kubwa, mfano wa sanduku, na vitu vyako vyote vinaingia humo. Kwa diski ya nje inayokaa kwa ndugu yako Bukavu, sisi tunachagua hiyo. Kwa huduma za kuhifadhi faili mtandaoni kama Google Drive au Dropbox, hapana. Ukibadilisha mstari mmoja, huduma isiyojua kutuma vipande vilivyobadilika tu itapandisha sanduku zima upya, na mega zako zitaisha kabla ya saa sita. Kuna baya zaidi: kwa kawaida VeraCrypt haibadilishi tarehe ya sanduku, hivyo huduma inaweza kudhani hakuna kipya na isitume kitu. Unalala ukijua nakala ipo, kumbe ni ya mwezi uliopita.

Kwa huduma hizo za mtandao tunaweka programu ya Cryptomator. Inasimba kila faili peke yake, hata jina lake, kwa hiyo kinachopanda ni kile ulichogusa tu. Idadi ya faili na ukubwa wake vinaweza kuonekana; kwa duka au ofisi ndogo hilo halitutishi. Kwenye kompyuta ni ya bure.

Kwa kutuma folda moja tu, programu ya 7-Zip inatosha, mradi uchague muundo wa 7z na uweke alama pale pa kusimba majina ya faili.

Mama mmoja alituletea diski yenye hesabu za duka lake za miaka mitano. Neno la siri alikuwa amelisahau. Tulimrudishia diski vilevile, na ilituuma sana, maana hakuna fundi anayeweza kulifungua sanduku kama hilo. Andika neno lako kwenye karatasi, uliweke mahali tofauti na diski. Cryptomator inakupa pia ufunguo wa akiba unapoanza. Uchapishe siku hiyohiyo.

Ukileta kompyuta kwetu tunakuwekea chombo, kisha tunafungua nakala yako kwenye mashine nyingine mbele yako. Neno la siri unaliandika mwenyewe, sisi tukiwa tumegeuka.