Kulungu mkubwa hatokani na mbegu peke yake

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita gazeti lako lilichapisha picha ya kulungu dume mwenye mkia mweupe aliyewindwa kaskazini mwa Marekani, na chini yake maelezo kwamba ukubwa wa mwili wake unatokana na mbegu bora. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo kwa zaidi ya miaka 30, na mwanangu wa pili anaishi Wisconsin, jimbo ambalo kila Novemba wawindaji huingia msituni kwa maelfu kumtafuta mnyama huyohuyo. Naomba nafasi nieleze kwa nini maelezo yale hayatoshi, kwa sababu wafugaji wetu nao husoma gazeti lako, na neno mbegu kwao lina maana ya baba.

Jambo la kwanza la kuuliza ni umri. Mtu aliyezoea kununua beberu pale Vingunguti wakati Idd el Hajj inapokaribia hadanganywi na tumbo lililojazwa maji. Humshika mnyama taya, akashusha mdomo wa chini kwa dole gumba na kuhesabu meno mapana. Kwa kulungu wanatazama magego. Mwaka juzi mwanangu alinitumia kwenye simu picha ya taya la dume alilopata, limelazwa juu ya ubao, na nikaikuza hadi nikaona vizuri: ncha za magego zilikuwa zimelika, na ile sehemu ya kahawia ya ndani ya jino ilikuwa pana kuliko gamba jeupe linaloizunguka. Walimkadiria kuwa na miaka 5 au zaidi. Huo ndio umri wenyewe, kwa maana kulungu dume hufikia uzito wake kamili akiwa na miaka 5 au 6, ingawa pembe anaota tangu akiwa na mwaka mmoja na ushei. Dume wa umri huo mdogo ana miguu mirefu na kifua chembamba, na kwa miaka mingi madume waliowindwa Marekani walikuwa wengi wao wa rika hilo, hivyo anayeona dume aliyekomaa kwa mara ya kwanza hudhani ameona ukoo mwingine kabisa.

Mahali nako kuna uzito wake. Kwenye visiwa vya kusini mwa Florida wako kulungu wa jamii hiyohiyo ambao dume wao mzima ana takriban kilo 25 hadi 35, yaani kama mbuzi wetu wa kawaida, ilhali kaskazini dume aliyekomaa hupita kilo 100 na wengine huvuka 130. Mwaka 1847 Mjerumani Carl Bergmann alieleza kwamba wanyama wa maeneo ya baridi huwa na miili mikubwa kwa sababu mwili mkubwa hutunza joto vizuri zaidi. Baadaye mwanabiolojia Valerius Geist alipinga, akisema kinachoamua ni wingi wa malisho ambayo kila mnyama anayapata katika msimu wa kukua. Mimi, kwa niliyoyaona zizini, naegemea upande wa malisho.

Lakini hoja iliyonifanya niandike barua hii ni ya mama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Mississippi walichukua kulungu kutoka sehemu za jimbo zenye udongo tofauti, mmojawapo ukiwa ule wenye rutuba wa Delta, bonde la mto Mississippi, na mwingine ule duni wa upande wa pwani, wakawalea wote kwa chakula kilekile kizuri. Madume wa kizazi cha kwanza waliotokana na mama wa udongo duni walikula wakashiba, na bado wakabaki wadogo kuliko wenzao wa Delta. Kizazi kilichofuata, ambacho mama zao nao walikuwa wamelelewa kwa chakula hicho, kikawakaribia sana wale wa Delta. Damu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni hali ya mama aliyebeba mimba na kunyonyesha.

Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kijiji kimoja ambako mradi mmoja uligawa mabeberu wa kisasa, wenye vifua vipana na masikio marefu, na sisi maofisa tukaahidi wananchi watoto wakubwa. Majike walipandwa, wakabeba mimba kiangazi, wakiokoteza majani makavu kandokando ya barabara. Nilipima watoto waliozaliwa kwa mizani ya kuning'iniza, na mshale haukusogea zaidi ya ulivyosogea kwa watoto wa beberu wa kienyeji. Wananchi walisema tumewaletea mbegu mbovu. Hatukuwa tumeleta hata gunia moja la pumba kwa ajili ya majike, na kosa hilo nalihesabu kuwa langu pia.

Wingi wa midomo nao hupunguza mwili. Henri Menier, tajiri wa chokoleti wa Ufaransa, alinunua kisiwa cha Anticosti huko Quebec mwaka 1895, akapeleka humo kulungu wapatao 220. Hawakukuta mbwa mwitu, wakazaana hadi kupita 100,000, wakamaliza miche na vichaka vya matunda kiasi kwamba dubu weusi waliokuwa wakiyategemea matunda hayo walitoweka. Kadiri malisho yalivyopungua, miili ya kulungu wenyewe nayo ilipungua.

Yapo pia mambo madogo ya vipimo ambayo maelezo yenu yaliyaruka. Dume hali vya kutosha katika majuma ya kupandana, kwa kuwa mchana na usiku anafuata majike na kupigana na wenzake, na anaweza kupoteza hata robo ya uzito wake. Kwa hiyo dume wa Oktoba na yuleyule wa Januari wakipanda mzani, mtu asiyejua angeapa ni wawili tofauti. Tena wawindaji wengi hupima mnyama akiwa ameshatolewa matumbo, na hapo hubaki takriban robo tatu hadi nne ya tano ya uzito wake alipokuwa hai.

Sikatai kwamba urithi una sehemu yake, maana kila mnyama huzaliwa na kikomo ambacho chakula hakiwezi kukivuka. Ila urithi huo nusu yake ni ya mama, ambaye hana pembe wala hapigwi picha, na kulungu walio wengi hufa bila kukikaribia kikomo hicho.

Kwa hiyo, mkipata picha nyingine ya aina hii, naomba mwandishi wenu amuulize mwindaji mnyama alipigwa mwezi gani, alipimwa akiwa na matumbo au bila, taya lilionyesha miaka mingapi, na majike wa eneo lile wanakula nini wakati wa mimba.

Ofisa mifugo mstaafu,
Ukonga, Dar es Salaam