Morfini isiwe haramu kwa wagonjwa wa saratani

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa kama morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu, humfanya mgonjwa awe mraibu. Shangazi yangu aliugua saratani ya mlango wa kizazi. Chupa yake ya morfini ya maji tuliificha juu ya kabati, eti atakuwa teja. Usiku aling'ata kanga asisikike akilia.

Mwili kuzoea dawa si uraibu. Marekani ilijiponza kwa kuandikia watu OxyContin, dawa ya maumivu ya kundi moja na morfini, ovyo, hata kwa maumivu ya mgongo. Sisi tumeangukia upande wa pili.

Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani matunzo ya kupunguza mateso ya wenye ugonjwa mzito, kuandika morfini tangu 2004. Wizara yetu nayo iifikishe hadi vituo vya vijijini, ikae kabati lenye kufuli, kila chupa iandikwe daftarini, na ndugu wafundishwe kumpimia mgonjwa kila baada ya saa 4.

Msomaji,
Tanga