Kwa vijana wa mdahalo: vita havijilipi

Wanangu,

Mlinialika niwasikilize mkijadili kama Kenya iondoe wanajeshi wake Somalia. Nilikaa hadi mwisho, nikatoka na hasira. Mmoja wenu alisimama akasema vita hivi “vinajilipa vyenyewe” kwa kuwa posho za askari zililipwa na Umoja wa Ulaya, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Hata wapinzani wake wakanyamaza.

Haya, tuhesabu. Tulipojiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kilichokuwa Somalia, mwaka 2012, posho ilikuwa dola 1,028 kwa askari kwa mwezi, na serikali ikikata chake humo humo. Januari 2016 Ulaya wakapunguza mchango wao kwa asilimia 20. Mwezi huo huo, tarehe 15, wapiganaji wa Al-Shabaab wakaivamia kambi yetu ya El Adde, Somalia. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema askari waliouawa ni kati ya 180 na 200. Serikali yetu ikakanusha. Sawa, lakini waliokufa ni wangapi? Haikusema. Mwaka uliofuata ikashambuliwa kambi yetu nyingine, Kulbiyow, tukazungushwa vile vile. Nanyi mnapiga hesabu ya faida bila kujua idadi ya maiti! Muuza duka gani hufunga daftari kabla ya kuandika hasara? Kuna mzazi aliyemzika mwanawe na mpaka leo hajui alizikwa pamoja na wangapi. Mpigieni yeye hiyo hesabu ya posho, kisha mje mniambie alivyowajibu.

Wala gharama haikubaki ng’ambo. Maduka ya Westgate, Nairobi, Septemba 2013, waliuawa watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi wa rika lenu. Huku kwetu Lamu ilikuwa shambulio la Mpeketoni, 2014, kisha kafyu ya miezi, na wavuvi wakakatazwa kuvua usiku kwa miaka. Mvuvi huyo hakuletewa posho na Ulaya.

Ninyi mliodai kuwa tungebaki kwetu tungelala salama, msichekelee. Ubalozi wa Marekani Nairobi ulilipuliwa 1998 na hoteli ya Kikambala 2002, kabla hatujapeleka askari hata mmoja Somalia. Mwaka 2011 wageni kutoka Ulaya walitekwa Kiwayu na Manda. Mmoja wao akafia mikononi mwa watekaji.

Swali ambalo hakuna upande uliothubutu kuliuliza ni la lengo. Oktoba 2011, majeshi yetu yalipoingia Somalia, tuliambiwa tunawafukuza watekaji nyara mpakani. Mwaka haujatimia, lengo likawa mji wa bandari wa Kismayu. Kismayu ikachukuliwa, tukaambiwa tunaisaidia serikali ya Somalia isimame. ATMIS, kikosi kilichorithi AMISOM, ilikuja 2022 na ratiba ya kuondoka ifikapo Desemba 2024. Desemba ilipofika, tukaletewa kikosi kingine cha Umoja wa Afrika, AUSSOM. Nani amewahi kutuambia tutajuaje kuwa kazi imekwisha?

Mengine nayataja tu. Msiseme “Wasomali” mkimaanisha Al-Shabaab. Wenzenu wa Garissa na Wajir ni Wakenya kama ninyi. Neno “mashujaa” msilitumie kuzima swali. Fuatilieni mkaa wa Kismayu: Umoja wa Mataifa uliupiga marufuku kuuzwa nje ya Somalia Februari 2012, na wachunguzi wake wakaripoti kuwa uliendelea kupakiwa melini hata baada ya majeshi yetu kuuchukua mji. Someni Ibara ya 240 ya Katiba, inayotaka idhini ya Bunge majeshi yanapopelekwa nje.

Najua hamkuanza ninyi. Sisi wazazi ndio tuliowazoesha kuwa mwenye sauti kubwa ndiye mshindi, na wabunge tunawachagua kwa kipimo hicho hicho. Mnaposoma haya jueni nawapenda, hasa wale wawili waliobaki kunibishia baada ya mdahalo. Mmoja alikuwa na hoja nzuri kuliko zote zilizosikika jukwaani.

Mkikutana tena, jadilini hili: Bunge litangaze idadi ya waliokufa El Adde na Kulbiyow, na liandike sharti la kuwarudisha askari nyumbani. Mwalikeni mbunge wenu, mkamketishe mstari wa mbele, na makofi myaweke hadi atakapojibu.