Mdogo wangu, huo si utani

Mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu kila nikikugusia nyumbani jambo hili la kuwadhalilisha watu kwenye tawi lenu la mashabiki unacheka: "Dada, ni utani tu, mpira ndivyo ulivyo." Wewe ni katibu wa tawi. Vijana wa Kizota, hapa Dodoma, wanakusikiliza kuliko wanavyowasikiliza wazazi wao, kwa hiyo nataka na wao wasome.

Utani tunaujua. Sisi ni Wagogo, Wahehe ni watani wetu, na umewaona kwenye misiba ya kwetu. Mtani anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa, wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Lakini mtani huyohuyo utamkuta anahangaika na shughuli za maziko kuliko hata ndugu wengine. Ana ruhusa ya kukutania kwa sababu ana wajibu kwako, na kesho kwenye msiba wake zamu ni yako.

Simba na Yanga ni hivyohivyo. Mmoja ni wa 1935, mwenzake wa 1936, wamekua pamoja. Ukimkumbusha Mnyama, yaani Simba, zile goli tano alizofungwa Novemba 2023, naye anazo tano zake alizomfunga Yanga Mei 2012. Wa Simba akiitwa Kolo, wa Yanga ni Utopolo, ngoma droo. Hapo sina neno, na mimi mwenyewe nashiriki kwa moyo wote.

Sasa niambie, yule binti wa chuo angekurudishia nini?

Nilikuwa benchi la nyuma siku ile pale kibanda umiza, tunapolipia kuangalia mechi. Aliingia na jezi yetu, akalipa buku yake kama wengine. Kabla hajakaa, mmoja wenu akasimama mbele yake: "Taja kikosi cha leo." Akakitaja, kuanzia kipa. "Haya, kuotea ni nini?" Akaeleza, tena akapanga vifuniko vya soda juu ya benchi kuonyesha beki wa mwisho yuko wapi na mpira unapigwa saa ngapi. Nikadhani yameisha. Akaulizwa, "Bwana gani kakufundisha?" Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. Wewe ulikuwa umeshika rimoti, ukacheka na wenzako. Hata mapumziko hayakumkuta. Na kijana aliyekaa pembeni yangu mechi nzima alikuwa akimwita beki wetu wa kulia kwa jina la mchezaji aliyeshauzwa, lakini hakuna aliyemtahini.

Angeshindwa kujibu mngesema wanawake hawajui mpira. Alipojibu, ikawa ana bwana. Hapo alikuwa ameshahukumiwa kabla hajafungua mdomo. Na hii ni nchi ambayo Taifa Stars haijawahi kukanyaga fainali za Kombe la Dunia, wakati Serengeti Girls, mabinti walio chini ya miaka 17, walikwenda India mwaka 2022 wakafika robo fainali. Mpira wa wasichana mnaushangilia kwenye taarifa ya habari, halafu msichana akikaa benchi moja na nyinyi anakuwa mtuhumiwa.

La yule mzee ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linatuhusu mimi na wewe kwa damu. Mlikuwa mnachangishana nauli ya treni ya SGR kwenda Dar kwenye mechi. Mzee akaomba alipe nusu, nusu nyingine amalizie mwisho wa mwezi. Mtu mmoja akasema, "Mwacheni, Mgogo huyo, kuomba ni kazi yao." Mzee akarudisha hela mfukoni, akaaga. Aliyesema ni mgeni aliyehamia hapa na ofisi yake, labda hajui. Wewe unajua, na ulinyamaza.

Bibi alitusimulia habari za njaa ya Mtunya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha la Waingereza likachukua kilichobaki. Mvua nazo zikakata. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, ikikosekana umekosa mwaka mzima. Njaa iliyofuata iliua watu wengi mno, na waliosalia walitawanyika kutafuta chakula popote. Watu walionyang'anywa ghala na zizi, miaka zaidi ya mia baadaye wajukuu wao wanaitwa ombaomba katikati ya Dodoma, na watu wanaoshangilia nao goli lilelile. Mzee yule analima uwele na karanga na hadaiwi na mtu.

Halafu kuna hili la "shabiki maandazi" kwa kila aliyeanza kushangilia juzi, na "mamluki" kwa kila anayesema kocha kakosea. Sitalirefusha. Ila wenzetu wa Dar wakisema sisi ni mashabiki wa mikoani, hatuijui timu mpaka tuione kwenye runinga, mnachukia wiki nzima. Mnaijua vizuri ladha ya kuambiwa mapenzi yako kwa timu ni ya bandia kwa sababu tu ya unakotoka.

Kikao cha tawi ni Jumapili. Naomba uliweke kwenye ajenda, si kwenye mengineyo. Waambie kwamba anayelipa kiingilio anakaa, hatahiniwi na mtu, na anayemtukana mwenzake kwa kabila lake au jinsia yake anatoka nje hata kama ndiye mchangiaji mkubwa. Najua ni nani namsema, na najua jenereta ni lake.

Kwa mzee usitume mtu. Nenda mwenyewe, na umwambie nafasi yake kwenye safari ijayo ipo, atalipa kwa awamu anazotaka. Binti nitamtafuta mimi, lakini sitamwambia arudi mpaka unipe majibu ya kikao.

Dada yako