Mazoezi ya OSPE (mtihani wa vitendo): siku imebadilika, ni Jumamosi

Habari za jioni wapendwa wa Utabibu NTA 5,

Mazoezi ya Ijumaa yamehamia Jumamosi, saa 3:00 asubuhi mpaka saa 7 mchana, maabara ya ujuzi. Ijumaa chumba kitatumiwa na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza.

1. Mchango ni sh. 3,000 kila mmoja, kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi saa 2 usiku. Ni wa glavu, pamba, spiriti, sindano na machungwa ya kujifunzia kuchoma sindano.
2. Mwenye mashine ya presha aje nayo. Tunayo moja tu.
3. Koti jeupe na saa yenye mshale wa sekunde. Simu haihesabu mapigo kwenye mtihani.

Tutakaa zaidi kwenye presha na sindano, maana alama nyingi zinapotea hapo. Mgonjwa apumzike dakika 5, mgongo uegemee, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo. Sindano ikishatumika usiifunike tena, iende moja kwa moja kwenye boksi la usalama. Na kabla ya yote: nawa mikono, jitambulishe, omba ridhaa. Hata kama "mgonjwa" ni rafiki yako wa bwenini, mwambie unachotaka kumfanyia.

Mlioko fildi wilayani, tuambieni kama mtafika ili tuwasubiri.

Naomba kila mmoja ajibu NAKUJA au SIJI kabla ya kesho saa 4 usiku, tujue idadi ya vifaa. Asanteni sana.